Historia ya ukoo: anza na wazee, makaratasi baadaye

Rejista iliyokaa kwenye hifadhi ya nyaraka kwa miaka 90 inaweza kukusubiri hadi mwakani. Shangazi wa baba yako, aliyebaki peke yake kati ya waliomfahamu babu yako akiwa kijana, huenda asikusubiri. Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio wake: watu kwanza, halafu vitu vilivyomo majumbani mwenu, halafu ofisi na hifadhi, na mwishoni kabisa intaneti na vipimo vya DNA. Wengi huanzia mwishoni. Wanapata majina mia mbili kwa wiki moja, na mwaka ukiisha hawawezi kusema hata jina moja wamelitoa wapi.

Hilo la mwisho ndilo nitakalolirudia hadi uchoke. Kila taarifa iandikwe pamoja na aliyeitoa, mahali na tarehe. Bila hivyo hutajua baadaye uamini kipi pale ambapo mambo mawili yanapingana, na yatapingana.

Hatua ya 1: Andika unachokijua leo

Chukua daftari ujiandike wewe kama namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Kuanzia hapo kanuni ni moja: namba ya mtu ukiizidisha kwa mbili unampata baba yake, ukiongeza moja juu ya hapo unampata mama yake. Babu mzaa mama ni 6, na mama mzazi wa babu huyo ni 13. Mfumo huu ulichapishwa na mwanahistoria wa Austria, Michaël Eytzinger, mwaka 1590, na kwa kazi ya daftari sijaona unaoushinda kwa wepesi. Ukifika kwenye 13 ukakuta patupu, unajua papo hapo pengo liko upande gani na nani wa kumuuliza.

Utaona pia jinsi hesabu inavyopanda. Ukirudi nyuma vizazi kumi unakuta nafasi 1,024. Hakuna azijazaye zote, kwa hiyo chagua mstari mmoja au miwili na uifuate kwa kina.

Wajomba, mashangazi na binamu hawamo kwenye namba hizo. Wape kurasa zao na usiwadharau, maana mara nyingi picha na barua zimebaki kwa watu wa pembeni: yule binti wa mwisho aliyekaa na wazazi mpaka wakafariki, au mjomba ambaye hakuoa na hakuwahi kuhama.

Hatua ya 2: Kaa na wazee

Usiende na orodha ya maswali arobaini kama karani wa sensa. Swali la "ulizaliwa lini?" likitangulia linamfunga mtu, hasa asiyejua jibu, na linamfanya aone anafanyiwa mtihani. Mimi napendelea karatasi tupu na penseli: mwombe akuchoree nyumba aliyokulia, mlango ulikuwa wapi, nani alilala chumba gani, nani alikuja kukaa kwa muda akaishia kubaki. Mkono ukishaanza kuchora vyumba, majina ya watu huja yenyewe, hata ya wale ambao hakuna aliyewataja kwa miaka mingi.

Njia nyingine ni picha. Ziweke mezani moja moja, usimpe rundo zima, kisha fuatilia kila jibu:

— Bibi, huyu aliyekaa mwisho wa benchi ni nani?

— Huyo? Huyo ni ndugu yake baba.

— Baba mmoja, mama mmoja?

— Aa, mama mbalimbali. Mama yake huyo alikuja na mtoto tayari, ndiye huyu aliyesimama nyuma.

Swali la pili ndilo lililoleta ndoa ya pili ya babu wa bibi na mtoto ambaye hakumo kwenye orodha yoyote ya ukoo. "Ndugu", "baba", "bibi" na "mtoto wetu" ni maneno mapana. Usiyaandike kabla hujauliza uhusiano ulipitia kwa nani hasa. Uliza pia habari za watoto waliofariki wachanga, kwa upole na si mwanzoni mwa mazungumzo. Wakati mwingine pengo la miaka sita kati ya mtoto mmoja na mwingine maelezo yake yako hapo.

Rekodi sauti kwa idhini yake. Simu inatosha. Izime mtandao ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa karibu naye, zima feni na redio. Anza kwa kutamka tarehe, mahali na majina ya waliopo, kwa sababu faili hubadilishwa majina na kupotea lakini sauti iliyomo ndani haibadiliki. Saa moja hadi saa moja na nusu yatosha kwa kikao kimoja. Akinyamaza, nyamaza nawe. Ukimkimbilia na swali jingine unakata alichokuwa anakitafuta. Akikosea tarehe usimsahihishe. Andika alivyosema, masahihisho utayafanya kwenye daftari lako.

Kabla ya kuaga, uliza jambo moja ambalo wengi hulisahau: kipi kati ya haya naweza kuwaambia wengine, na kipi kibaki kati yetu? Koo nyingi zina mambo ya mali, ndoa zilizovunjika na watoto wa nje. Mzee akisema "hili subiri nikishaondoka", liheshimu na uliandike hivyo hivyo kwenye maelezo ya rekodi.

Hatua ya 3: Pekua kabati, usibebe

Vyeti vya kuzaliwa na ndoa, kadi za kliniki, ripoti za shule, vitambulisho vilivyokwisha muda, pasipoti, risiti za kiwanja, barua, ratiba za mazishi, vitabu vya dini vyenye majina yaliyoandikwa jalada la ndani. Usiombe kuondoka navyo. Vipige picha hapo hapo karibu na dirisha, bila flashi, karatasi ikiwa imelala na simu ikiwa sambamba nayo. Piga mbele na nyuma hata kama nyuma hakuna kitu, na bahasha pia: muhuri wa posta mara nyingi ndio tarehe pekee iliyopo.

Usiwatumie ndugu picha hizo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani huzibana na kuzipunguzia ubora. Zitume kama dokyumenti.

Hatua ya 4: Pima tarehe kabla ya kuziamini

Hapa ndipo mti wa ukoo unaposimama au kuanguka, na hapa ndipo watu wengi wana haraka. Tuseme kitambulisho cha bibi kinasema alizaliwa 1 Januari 1938. Tarehe 1 Januari, kama ilivyo 1 Julai, ni ya kutilia shaka popote uikutapo, kwa sababu makarani huiweka pale ambapo mwenyewe hajui siku. Sasa rejista ya ndoa ya mwaka 1950 inasema bi harusi ana miaka 18, yaani alizaliwa 1931 au 1932. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa 1951. Kwa kitambulisho, mama angekuwa na miaka 13. Na mwenyewe kwenye rekodi anasema Vita vya Pili vilipoisha alikuwa tayari "msichana mkubwa, nabeba ndoo". Vyanzo vitatu vinaelekea mahali pamoja, kimoja kimejitenga. Andika hivi:

*Kuzaliwa: takriban 1931–1932. Vyanzo: (a) rejista ya ndoa, 1950, umri 18, (b) ubatizo wa mtoto wa kwanza, 1951, (c) kauli yake mwenyewe, rekodi namba 3, dakika ya 22. Kinyume: kitambulisho kinasema 1 Januari 1938.*

Usikifute kile kinachopingana. Mwanao akikikuta kitambulisho miaka thelathini baadaye atajua ulikiona na kwa nini hukukifuata.

Chanzo bora ni kilichoandikwa karibu na tukio, na mtu aliyekuwepo. Cheti cha kifo ni kizuri kwa tarehe ya kifo, lakini tarehe ya kuzaliwa iliyomo humo imetolewa na mtoto au mkwe aliyekuwa msibani na hakuwepo siku hiyo ya kuzaliwa. Karatasi moja, taarifa mbili, uzito tofauti.

Kwa wazee wasio na karatasi, tumia matukio. Nyotamkia ya Halley ilionekana angani mwaka 1910, ikarudi 1986. Homa kuu ya mafua ilizunguka dunia 1918 na 1919. Ukisikia "mwaka jua lilipopatwa, kukawa giza mchana", una bahati: shirika la NASA limeweka wazi kwenye intaneti orodha na ramani za kupatwa kwa jua kwa kipindi cha miaka elfu tano, na unaweza kuona ni lini kivuli kilipita juu ya mahali alipokuwa. Usiulize tu "ulikuwa na miaka mingapi?" Uliza alikuwa akiweza kufanya nini wakati ule: kutembea, kumbeba mdogo wake, kuchota maji, kunyonyesha. Hayo watu huyakumbuka vizuri kuliko miaka.

Kalenda nazo zina mitego yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 ya Hijria ni karibu miaka 32 ya Miladia. Aliyefariki na miaka 66 kwa hesabu ya Hijria alikuwa na miaka kama 64 kwa hesabu nyingine. Mwaka 1400 Hijria ulianza Novemba 1979, nami huutumia kama kigezo cha haraka kabla ya kufungua kikokotoo. Kwa nyaraka za Ulaya, Uingereza iliruka kutoka 2 Septemba hadi 14 Septemba 1752, na Urusi ikaruka kutoka 31 Januari hadi 14 Februari 1918. Kwa hiyo tarehe mbili zinazotofautiana kwa siku kumi na kitu zinaweza zote kuwa sahihi.

Hatua ya 5: Ofisi, nyumba za ibada na hifadhi za nyaraka

Sasa nenda, ukiwa na swali moja linalojibika. "Natafuta historia ya ukoo wangu" humfanya mhudumu akutazame tu. "Natafuta ndoa iliyofungwa kati ya 1948 na 1952, majina haya mawili" humpeleka moja kwa moja kwenye rafu.

Fahamu kumbukumbu za mahali husika zilianza lini, usije ukatafuta kisichowahi kuwepo. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuweka rejista za ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ukaliagiza Kanisa Katoliki kuandikisha ndoa. Usajili wa serikali ulikuja baadaye sana: Ufaransa 1792, England na Wales Julai 1837. Katika baadhi ya nchi ni karne ya 20, na pengine ulianza mijini au kwa kundi moja la watu tu.

Nyaraka nyingine zipo lakini zimefungwa ili kulinda faragha ya walio hai. Marekani hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 72, ndiyo maana za 1950 zilitoka Aprili 2022. England na Wales husubiri miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Nyingine ziliungua: sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto wa mwaka 1921, na za England na Wales za 1931 ziliteketea mwaka 1942. Ukiambiwa "ziliungua", uliza kama nakala ilipelekwa makao makuu, jimboni au wizarani. Mara nyingi karani alitakiwa kuandika mbili. Tafuta pia kumbukumbu za jirani: jalada la mirathi, orodha ya mishahara, rejista ya shule, kitabu cha wagonjwa, kesi ya mpaka wa shamba. Kesi za ardhi ni hazina kwa mtafiti, maana wagombanao hulazimika kutaja babu zao mbele ya hakimu.

Jina litafute kwa kila tahajia. Karani aliandika alichosikia, na alisikia kwa masikio ya lugha yake. Muhammad, Mohamed, Mohamedi na Muhamadi wanaweza kuwa mtu mmoja katika majalada manne. Watu pia hubadili majina wanapobatizwa, wanaposilimu, wanapoolewa na hata wanapoandikishwa shule. Weka ukurasa wa majina yote ya mtu mmoja, la utani likiwemo.

Na ukiwa hapo, nakili namba ya jalada, kitabu na ukurasa kabla hujasoma kilichomo. Ukiipata habari njema kwanza utasahau namba.

Hatua ya 6: Intaneti na DNA, kwa tahadhari

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch haitozi chochote. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo chama chake cha nasaba kilianzishwa Utah mwaka 1894 na kuanza kupiga nyaraka za dunia kwenye filamu ndogo mwaka 1938. Kazi ya kuziweka filamu hizo, zaidi ya milioni 2.4, katika mfumo wa kidijitali ilikamilika 2021. Picha nyingi hazijaingizwa kwenye faharasa, kwa hiyo ukitafuta jina ukakosa, fungua orodha ya makusanyo ya mahali husika usome ukurasa baada ya ukurasa kama unavyosoma kitabu. Miti ya ukoo iliyowekwa humo na watu wengine ichukulie kama fununu: inaonyesha pa kutafuta, haithibitishi kitu. Baba akionekana kuzaliwa miaka minane kabla ya mwanawe, ujue kuna aliyebofya bila kusoma.

DNA inajibu maswali machache, lakini inayajibu vizuri. Kipimo cha kawaida hulinganisha kiasi mlichorithi pamoja: mzazi na mtoto karibu nusu, babu na mjukuu karibu robo, binamu wa kwanza kama asilimia 12.5. Kadiri mnavyozidi kutengana kiasi hushuka haraka, na binamu wa tatu wa kweli, yaani wanaokutana kwa babu wa babu zao, wanaweza wasiwe na kipande chochote kinachoonekana kufanana. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake; DNA ya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Zile asilimia za "asili yako ni ya eneo fulani" mimi sizipi uzito. Zinategemea sampuli za kulinganishia, na kwa sehemu nyingi za dunia sampuli hizo ni chache, ndiyo maana majibu hubadilika kampuni inapoboresha hesabu zake.

Kabla ya kutema mate kwenye kichupa, fikiri mambo mawili. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba baba uliyemjua siye aliyekuzaa, na habari hiyo haitakuwa yako peke yako. Halafu kuna usalama: mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama ya ufilisi. Nywila unaweza kuibadilisha, DNA huwezi.

Hatua ya 7: Kuhifadhi vitu vyenyewe

Adui wa karatasi na picha ni unyevu, joto, mwanga na mikono yetu. Chumba cha ndani ni bora kuliko dari, stoo au sakafuni. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 50 unafaa. Ukipita 65 na kubaki huko, ukungu unaanza. Tumia maboksi na bahasha za karatasi isiyo na asidi. Ukitaka plastiki, iwe ya poliesta au polipropilini. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu ya koti jipya la mvua, hutoa kemikali zinazoharibu picha.

Laminesheni usifanye kabisa: joto na gundi yake haviondoki tena bila kuiharibu hati. Selotepu pia acha, kwani hugeuka njano na kuacha doa. Chuma kama pini na klipu ondoa kabla havijapata kutu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya au kuacha mfereji unaoonekana mbele. Picha zilizoganda kwenye albamu za kurasa zenye gundi usizivute kwa kucha: pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, kama msumeno. Zikikataa, ziskani zikiwa humo humo.

Picha zikilowa, zisuuze kwa maji safi ya baridi, uzianike kivulini uso ukiwa juu, bila kuzilaza moja juu ya nyingine. Usipoweza kuzikausha ndani ya siku mbili, zitenganishe kwa karatasi ya nta uziweke kwenye friza. Barafu itakupa muda.

Kuskani: nukta 300 kwa inchi kwa hati, 600 kwa picha za kawaida, zaidi kwa negativu na picha ndogo za pasipoti. Hifadhi nakala kuu kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na JPEG, zilizo nyepesi, za kugawa. Faili lipe jina linalosomeka hata likitengwa na folda yake: *1950-ndoa-namba6-namba7-ukurasa14.tif*. Kisha weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Flashi ya USB si hifadhi, ni kitu cha kusafirishia. Kaseti za sauti na video ziwahishe kabla ya vingine, kwa kuwa utepe unazidi kuchakaa na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika.

Hatua ya 8: Kuandika na kukabidhi

Kwa kompyuta, Gramps ni programu ya bure na inatosha. Yoyote utakayoichagua, hakikisha inatoa faili la GEDCOM, muundo uliobuniwa mwaka 1984 ambao karibu programu zote za nasaba huusoma. Toa faili hilo kila mwaka, kampuni isije ikafunga milango na kazi yako ikiwa ndani.

Usisubiri umalize ndipo uandike, maana hutamaliza. Andika kurasa nne kuhusu mtu mmoja: aliishi wapi, alifanya kazi gani, alihama kwa nini, nani alimlea, na ni nini kumhusu bado kinabishaniwa. Zichape, uwape wazee wasome au wasomewe. Hapo ndipo utasikia "hapana, siyo hivyo", na maelezo mapya yataanza kumiminika. Chukua kinasa sauti ukiwa tayari. Kwenye nakala za kugawa ondoa tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho na magonjwa ya walio hai.

Mwisho, chagua mrithi wa kazi hii mapema, na asiwe lazima mwanao wa kwanza: awe yule anayeuliza maswali. Mwonyeshe boksi liko wapi, mfungulie akaunti akiwa amekaa pembeni yako, mpe nywila kwenye bahasha. Juu ya boksi bandika karatasi inayosema kilichomo, aliyekikusanya, na kwamba kisitupwe bila kumuuliza mtu huyo kwa jina.